Pua ya Inchi Ishirini na Tatu

3 Februari

Mdogo wangu Randa,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani hata kama hujaiandika. Sisi huku wazima. Cherehani kubwa inakohoa kidogo lakini inashona. Jirani yangu kinyozi anakusalimu na anauliza kama bado unachonga mbao za kupandia mawimbi, au huko mlimani kusiko na hata dimbwi umebaki na milango na vitanda tu.

Najua una simu, nami ninayo. Lakini mara ya mwisho nilipokupigia ulikata, halafu ukasingizia mtandao. Mtandao gani huo unaokatika kila ninapofika kwenye ukweli? Kwenye barua angalau mtu anamaliza sentensi yake.

Sasa jambo lenyewe. Mkaguzi alikuja. Simwiti binti yangu kwa leo, maana hakuja kama binti. Tangu aajiriwe kukagua mahesabu ya watu, hata chumvi yangu anaikagua. Alifungua kabati, akatikisa rafu za dukani, akanusa maziwa, kisha akaketi akaniambia: "Mama, una miaka sitini na mmoja. Unakaa peke yako vyumba viwili nyuma ya duka, na juzi umeanguka kwenye kigoda. Funga duka uje ukae kwangu." Kwake ni ghorofa ya tano, huko huko mlimani kwenu, wewe unapajua. Nikamwambia kigoda ndicho kilichoanguka, mimi nilikifuata tu. Hakucheka.

Basi nikapandwa na mori. Nikamwambia mimi kila asubuhi niko baharini na ubao wangu, na mwaka huu huu nitatembea juu yake mpaka puani, nisimame pale mbele kabisa wimbi likinibeba, vidole vyote kumi vikining'inia nje. Mtu wa namna hiyo ni wa kufungiwa ghorofani? Akanijibu kwa ile sauti yake ya ofisini: "Sawa, Mama. Nakuja likizo mwezi wa nane. Ukisimama puani mpaka nihesabu kumi, habari ya kuhama sitaitaja tena. Ukianguka kabla ya kumi, unafunga duka na tunaondoka wote." Tukapeana mikono, kinyozi akiwa shahidi.

Tatizo ni kwamba ubao nilionao, ule ulionichongea kabla hujahama, una pua nyembamba kama ya mbu. Nikikanyaga mbele tu, unazama na mimi nazama nao. Nataka mpya, mrefu, wenye pua ya inchi kumi na tisa. Kumi na tisa, Randa. Usinipunguzie.

Dada yako,
Sindano


8 Machi

Dada Sindano, shikamoo.

Barua yako ilifika mapema, jibu ndilo lililochelewa. Kulikuwa na mvua, halafu kulikuwa na arusi ya mtoto wa mwenye nyumba na vitanda vyake. Mimi sijambo, kifua tu kidogo. Tangu wifi yako atangulie, Jumapili nakula kwa Mkaguzi. Anapika vizuri lakini anapima wali kwa kikombe. Amenionyesha chumba alichokutayarishia. Kina mapazia ya kijani na dirisha linaloona mpaka kituo cha mabasi. Mimi sisemi kitu.

Tuje kwenye pua. Inchi kumi na tisa zako ni zipi, za mwili au za kitambaa? Maana wewe ni fundi cherehani, na fundi cherehani hawezi kutamka kipimo bila kuongeza akiba ya mshono, inchi moja huku na inchi moja kule. Sare yangu ya shule niliivaa kuanzia darasa la pili mpaka la sita kwa sababu ya akiba zako. Kwa hiyo nahisi unachotaka ni kumi na saba.

Usinielewe vibaya, si ubishi. Pua ya ubao wa kusimamia mbele inapimwa futi moja nyuma ya ncha, na hapo nusu inchi si mchezo. Ikiwa pana, maji yanapata mahali pa kuisukuma juu, nawe unapata mahali pa kuweka miguu. Ikizidi, ubao unakataa kugeuka, unakwenda unakotaka wenyewe kama sinia lililosukumwa mezani. Ikipungua, unazama. Chini yake nitaweka kibonde ili maji yainue, na mkia nitaufanya mzito ili wimbi likiukalia, wewe huku mbele usipinduke. Hayo yote nayajua. Nisichokijua ni ukweli wako.

Nichoree nyayo zako kwenye karatasi, unitumie. Halafu tutajadili.

Mdogo wako,
Randa


27 Machi

Randa,

Kifua chako kipake mafuta, ulale mapema. Huku kuna joto. Kinyozi amenunua kiti kipya kinachozunguka, na wateja wake sasa wanazungushwa hata wasipotaka.

Umenitukana kwa adabu, nimeona. Mimi naongeza, sawa. Na wewe je? Hilo jina la Randa hukupewa bure. Maisha yako yote unalamba mbao, unazipunguza kila upande, kwa hofu kwamba zitavimba zikilowa. Mlango wa choo changu uliutengeneza wewe, na paka anapita ukiwa umefungwa! Sasa nisikilize. Kwa kuwa najua nikisema kumi na tisa utalamba ibaki kumi na saba, naandika ishirini na moja. Lamba zako mbili, unipe kumi na tisa zangu, tusigombane.

Nyayo hizo hapo, nimezichora kwenye karatasi ya kaki.

Mazoezi yanaendelea. Jioni napanda juu ya meza ya kukatia vitambaa, nasogea mpaka ukingoni, natoa vidole nje, nahesabu kumi. Juzi alikuja mwalimu mkuu kupimwa suti, nikampima nikiwa huko huko juu. Mabega yalitoka vizuri, ila suruali ilibidi nikisie. Kinyozi, ambaye ndiye aliyenifundisha bahari, anasema mbao za madukani zina pua ya kumi na nane na kidogo. Nikamwambia mbao za madukani hazijui miguu yangu.

Kuhusu mguu wa kushoto, ukisikia lolote kutoka kwa Mkaguzi, si kweli. Na kama ni kweli, umeshapona.

Sindano


4 Mei

Dada, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya. Povu gumu ninalochonga kuwa ubao lilikuja na kona iliyovunjika, nikalirudisha. La pili likaja, mteja akalikalia akidhani ni benchi. Na fiba ya kulifunikia kwa mvua hizi haikauki. Mkaguzi ni mzima. Amenunua kiti cha tatu cha meza yake ya chakula, na bomba la bafuni sasa linatoa maji ya moto. Zulia pia lipo. Unavua viatu mlangoni, unakanyaga laini.

Nyayo nimezipokea. Nilizitandaza karakana, bwana mmoja aliyekuja kuagiza kitanda akaniuliza huyu mgeni ninayemtegemea ana urefu gani. Dada! Umeweka akiba ya mshono kwenye nyayo? Nani anashona nyayo? Nimelazimika kupunguza pande zote kwa kukisia, na sasa sijui kama nachonga kwa miguu yako au ya bata.

Halafu ishirini na moja yako imenivuruga. Nilikuwa nimeshaamua kutokulamba kitu. Sasa nikiacha kulamba nakosea, nikilamba naonekana ndivyo nilivyo. Nimepima pua hiyo kwa penseli mara nyingi mpaka povu limekuwa jeusi. Inabidi nilisugue lote upya, na hiyo ni kazi ya wiki kadhaa.

Huenda mwezi wa nane ni karibu mno. Sisemi hutaweza. Nasema tu kwamba maisha ya ghorofani nayo si kifungo. Lifti ipo. Na kama ukija ~~~~~~~~~~~~~~~~ (hapo nimekata mstari, usijaribu kuusoma).

Kifua kimepona.

Randa


22 Mei

Randa,

Salamu za familia nimezituma kwa Mkaguzi, utazikuta huko Jumapili.

Mstari uliokata nimeusoma. Niliushika dirishani, jua likapita nyuma yake. Umeandika, "Na kama ukija tutakuwa tunakula watatu." Kumbe! Si povu, si mvua, si mteja wa benchi. Unavuta siku ili mwezi wa nane ufike nikiwa sina ubao. Uko upande wake. Sema ukweli, uko upande wake?

Nikuambie nitakachopoteza, maana labda hukijui. Hapa mtu akichanikiwa shati begani saa mbili asubuhi anagonga kwangu. Wanawake watatu wa mtaa huu wameolewa kwa magauni yangu, na mmoja wao mara mbili. Nikitoka baharini nywele zinadondosha maji, kinyozi ananiambia "Mama, leo umetupiga chenga," na mimi nacheka mpaka nashika ukuta. Huko juu nitakuwa mama yake Mkaguzi, ninayekaa kwenye zulia nikiangalia kituo cha mabasi. Nitakuwa mzima wa afya, na nitakuwa nimekwisha.

Ninaogopa, Randa. Sijawahi kumwambia mtu. Ninaogopa kuhesabiwa mpaka sita.

Andika kipimo: ishirini na tatu. Nimepiga hesabu ya kulamba kwako, nikaongeza hesabu ya hila zako. Ukishindwa, nitumie mlango wowote ulio nao hapo karakana. Nitasimama juu ya mlango.

Sindano


2 Julai

Dada, shikamoo. Usiponiitikia nitaelewa.

Nilikuwa upande wake. Hapana, hata huo ni uongo wa kujipendelea. Nilikuwa upande wangu. Jumatatu mpaka Jumamosi mimi naongea na milango. Jumapili naongea na mtu anayepima wali kwa kikombe, nampenda, lakini saa kumi anafungua kompyuta. Nikawaza, dada akija nitakuwa na mtu wa kugombana naye. Hilo tu ndilo nililolitaka, mtu wa kugombana naye ana kwa ana.

Na nilikuchongea ubao, Dada. Ulikamilika tangu mwanzo wa Mei, siku ileile niliyokuandikia habari za povu. Pua inchi kumi na sita. Mzuri kwa macho, kingo laini kama sabuni, na ungekuangusha kabla Mkaguzi hajafika mbili. Niliufunga blanketi nikausimamisha pembeni nikinywa chai, na kila nikiinua kikombe nauona umesimama pale kama mtu aliyenikuta nikiiba. Barua yako ilipofika na hilo neno la kuogopa, nilichukua msumeno nikaukata vipande vinne. Mwenye nyumba alikuja mbio akidhani naua mtu.

Kisha nikaanza upya. Safari hii nilikata shauri nikuheshimu. Umesema ishirini na tatu, nimechonga ishirini na tatu. Sikulamba hata unywele. Kila nilipopita na randa nilisema moyoni, basi, mwache dada apate alichokisema. Kibonde cha chini nimekiweka, na mkia nimeuongezea uzito. Sasa una umbo ambalo sijawahi kuliona, na mwenye nyumba ameniuliza kama ni jeneza la watu wawili. Nimemwambia ni heshima.

Ubao umeondoka na basi la mizigo la Jumanne. Wamenitoza kama meza ya chakula.

Randa


16 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekuitikia.

Kinyozi kateguka mkono, na ni kwa sababu yako. Alipofungua blanketi alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kiti chake kinachozunguka. Ewe mtu! Nilisema ishirini na tatu kwa sababu nilijua utalamba! Miaka hamsini na tano nakujua wewe ni wa kulamba, halafu unaokoka katika pua yangu! Ubao mbele ni mpana kuliko katikati. Wageni ufukweni waliketi juu yake wakaagiza soda.

Lakini hapakuwa na mwingine, na Mkaguzi alikuwa keshafika na filimbi.

Kusimama mbali hakutaka. Mkaguzi hahesabu kitu asichokiona kwa karibu, kwa hiyo aliingia majini mpaka kiunoni, na sketi yake ya ofisini, akasimama pale mawimbi yanapomalizikia. Mimi nikapiga makasia kwa mikono mpaka nje. Likaja wimbi la wastani, safi. Nikasimama. Na huo ubao wako wa ajabu haukutikisika kabisa, Randa. Ulitulia kama sakafu. Nikatembea hatua moja baada ya nyingine, kama mtu anayekwenda kuzima taa, nikafika puani, nikatoa vidole nje, vyote. Bado kulikuwa na nafasi ya kuweka na cherehani pembeni yangu. Maji yalikuwa yanakimbia chini ya vidole na mimi sikuwa nimeshika kitu chochote duniani.

Nikasikia filimbi. "Moja! Mbili!"

Kwenye tatu niliona kwamba namwelekea yeye. Kwenye nne nikajaribu kugeuza. Ulisema pua ikizidi upana ubao haugeuki, na kwa hilo hukudanganya. Nikapiga kelele, "Toka!" Naye akapaza sauti, "Tano! Usinivuruge, Mama!" Alipotamka sita, ile pua ikamzoa kama chepe linavyozoa mchanga. Nilidhani nimemuua mwanangu. Nikatazama chini, namwona ameketi kwenye pua mbele ya vidole vyangu, miguu inaning'inia, filimbi iko puani mwake badala ya mdomoni, macho kama sahani.

Na akasema, "Saba."

Mtu hawezi kuiacha kazi yake, ndugu yangu. Nane, tisa, kumi, mama na mwana juu ya pua moja. Hakuna aliyemwambia aishie kumi, akaendelea mpaka kumi na sita, ubao ulipopanda mchangani ukasimama kati ya wale wageni wa soda. Nilipiga magoti nikamshika uso. Alikuwa analia na anacheka, sikujua nianze kufuta kipi. Akasema, "Mama, sikujua. Nilidhani ni maneno tu." Kisha akasema, "Tena."

Ameshinda majini wiki nzima. Likizo yake iliisha jana na bado yuko hapa. Ameandika barua kazini, anaumwa tumbo. Anataka ubao wake mwenyewe.

Kwa hiyo nimeshinda. Duka halifungwi. Usiku ule nilikaa kitandani nikiwa na furaha, halafu nikakumbuka kwamba huko juu kuna meza ya viti vitatu na mtu mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kukulaani kwa ule ubao wa inchi kumi na sita. Maneno nilikuwa nayo, mazuri kabisa. Yameniishia. Uliukata mwenyewe, na ulikuwa peke yako, hakuna ambaye angejua.

Kuhama sihami, usiniombe. Na mimi kuomba sijui, unanijua. Nakueleza tu kwamba chumba cha nyuma nimeondoa majora yote ya vitambaa, nimefagia, nimetandika. Sisemi kwa nini.

Sindano


29 Agosti

Dada, shikamoo.

Barua hii ni fupi kwa sababu nimeshafunga sanduku na kalamu ilikuwa chini yake. Vifaa vya karakana nimemwachia mwenye nyumba, isipokuwa randa ndogo na msumeno. Nafika Alhamisi kwa basi la mchana. Mwambie Mkaguzi asikubali kupimwa na wewe.

Kuna jambo moja nakuambia kabla hatujaonana, maana ana kwa ana sitaweza. Nimechonga mbao nyingi kuliko ninavyokumbuka, za watu wakubwa na wadogo, na kila mteja aliponiuliza kama nami napanda nilisema mgongo unaniuma. Sina mgongo unaouma. Naogopa maji, Dada. Tangu utotoni. Hayajawahi kunivuka magoti.

Najua mtanipeleka ufukweni siku ya kwanza tu, mimi nawajua. Utanikuta nimevaa viatu. Kinyozi akicheka, mwache acheke. Wewe usiseme kitu. Nishike mkono, nitavivua mwenyewe.

Randa